Dunia Imezimia, Stima Imezima

Kijana wa duka la filamu karibu na steji ya Kitale aliniuliza swali moja tu: "Mzee, unataka ya kupigana ama ya kufikiria?" Nyuma yangu alikuwa amesimama mwalimu aliyewafundisha watoto wangu, kwa hiyo nikasema ya kufikiria. Ningesema ya kupigana, leo ningekuwa mtu mwenye amani, na flashi ya watu isingekuwa imepotea.

Kwa shilingi mia moja alinipakulia mfululizo mzima, tena kwenye flashi yake mwenyewe. Yangu aliichomeka kwenye kompyuta akaichomoa upesi kama aliyeshika kaa la moto. "Iko na virusi, mzee. Beba yangu, uirudishe Jumamosi." Mfululizo wenyewe unaitwa FlashForward. Si mpya. Wamarekani walianza kuuonyesha Septemba 2009 kwenye kituo cha ABC, wakiwa wameutoa katika riwaya ya Mkanada Robert J. Sawyer iliyochapishwa 1999. Wakati ule haukunifikia. 2009 ulikuwa mwaka wa ukame, mabwawa yalipungua maji, stima ikawa ya mgao, na runinga yangu ikageuka meza ya kutandikia kitambaa cha kufuma.

Jioni hiyo nilikuwa na mgeni. Shangazi yangu wa Chwele, kule Bungoma, huja Kitale mara mbili kwa mwaka: wakati wa kupanda na wakati wa kunilaumu. Hii ilikuwa ile ya pili. Ana ekari mbili anazokodi upande wa Kiminini, na magunia yake kumi na manane yamelala kwenye stoo yangu tangu Novemba. Habari ya magunia hayo nitaieleza mbele, nikipata nguvu. Kwa sasa jua tu kwamba aliketi kwenye kiti changu, akaweka miguu kwenye stuli yangu, akamimina njugu kwenye sahani yangu, akasema, "Haya baba, tuonyeshe hao wazungu wako." Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la babake. Siku akiniita jina langu kamili, huwa natafuta mlango.

Kipindi cha kwanza kinaanza vizuri, siwezi kukataa. Mark Benford, afisa wa FBI mjini Los Angeles, yuko garini na mwenzake wakiwafukuza washukiwa. Anaigizwa na Joseph Fiennes, ambaye 1998 alikuwa Shakespeare mwenyewe katika Shakespeare in Love, na ambaye hapa amekunja uso tangu mwanzo kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Gari linaenda mbio, muziki unapanda, Shangazi ameacha kutafuna. Halafu ghafla watu wote duniani wanazimia.

Na stima ikazima.

Sitafuti kichekesho, ndivyo ilivyokuwa. Mtaa mzima, mpaka taa ya kanisa. Mimi nilianza kulalamika kwa sauti, ila Shangazi hakushtuka hata kidogo. Alidhani ndiyo filamu.

"Wameifanya vizuri," akasema baada ya muda. "Mpaka mtu unasikia baridi."

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, baridi yake haihitaji Hollywood. Nilimweleza kwamba hii ni stima yetu tu, ila kwenye filamu nako watu wamezimia kwa dakika mbili na sekunde 17, na katika muda huo kila mtu atajiona alivyo miezi sita na ushei baadaye. Kimya kikapita. Nikasikia njugu moja ikivunjika.

"Na hiyo ndiyo wamepatia pesa?" akauliza. "Sisi huku tulionyeshwa zamani, na hakuna aliyezimia."

Ndipo akaanza. Akaanzia kwa Mutonyi wa Nabukelembe, nabii wa Wabukusu, ambaye wazee husimulia kwamba aliwatabiria watu wake kuja kwa wageni weupe kabla hawajamwona hata mmoja. Taarifa ilitolewa mapema, akasema Shangazi, na bado 1895 walikutwa Chetambe, pale juu ya Webuye, wamejifungia ndani ya boma na mikuki mkononi, mbele ya bunduki ya Maxim. Kisha akaja kwa Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwona kwa macho yake. Masinde alianza kama mwanasoka. Aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930, kabla ya kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Miaka ya arobaini akawa anawaambia wazungu hadharani kwamba wakati wao umekwisha, wafunge virago. 1945 wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka hakuwa amebadilisha neno, na 1948 wakampeleka Lamu. 1963 wazungu wakafunga virago.

"Sasa nani alikuwa mgonjwa?" akauliza gizani, na kwa jinsi alivyouliza ungedhani mimi ndiye niliyetia saini barua ya kumpeleka Mathari.

Nikajaribu kumtetea mkoloni kwa hoja kwamba hata serikali yetu wenyewe iliipiga marufuku dini hiyo hiyo 1968. Haikunisaidia. Mwenye kuona mbele, akasema, hapendwi na serikali yoyote, hata ile aliyoiona inakuja.

Stima ikarudi. Kwenye runinga nao walikuwa wanazinduka. Magari yameparamiana barabara kuu nzima, helikopta imejibamiza kwenye ghorofa, moshi kila mahali, na katikati ya yote hayo kangaruu anapita akirukaruka peke yake. Hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Nilimsubiri huyo kangaruu kwa vipindi kadhaa nikiamini atakuwa na maana. Nakushauri usimsubiri.

Kisha watu wanaanza kulinganisha walichoona, na wote wamejiona siku moja, saa moja: 29 Aprili 2010, saa nne usiku ya Los Angeles. Benford amejiona ofisini usiku mbele ya ubao uliojaa picha na nyuzi, anakunywa pombe, ilhali ameacha pombe. Mkewe Olivia, ambaye ni daktari, amejiona nyumbani kwao na mwanamume mwingine. Rafiki wa Benford amemwona bintiye aliyedhaniwa kufia Afghanistan. Afisa Janis amejiona ana mimba, na hata mpenzi hana. Mwenzake Benford, Demetri, hakuona chochote, na anaanza kuelewa maana yake.

"Huyo wa pombe hakuona mbele," akasema Shangazi. "Huyo aliona mwisho wa mwezi."

Olivia ndiye aliyemkasirisha kabisa. Mwanamke anamkalisha mumewe kitako, anamweleza kwa utulivu kwamba katika maono yake kulikuwa na bwana mwingine nyumbani, na kwamba alimpenda. "Anamwambia ya nini?" Shangazi akapiga goti. "Hata hajafanya! Mwanamume wa watu hajafika, jina lake hawalijui, na nyumba tayari imevunjika!" Akatikisa kichwa. "Atakuja tu huyo. Wamemwita wenyewe."

Mimi niliyemwamini ni mmoja peke yake: bosi wao wa FBI, ambaye katika maono ya kutisha kabisa yaliyowahi kuwapata wanadamu alijiona amekaa chooni anasoma gazeti. Huyo ni mtu wa kweli. Wengine wote inaonekana saa nne usiku walikuwa katikati ya mimba, mauaji au fumanizi. Hakuna aliyekuwa anatafuta soksi.

Hapo ndipo nilipochukua karatasi. Kati ya Los Angeles na Kenya kwa Oktoba kuna saa kumi. Wao walizimia Jumanne, 6 Oktoba, saa tano asubuhi. Kwa hiyo sisi tungezimia saa tatu usiku kamili, yaani mlio wa taarifa ya habari. Msomaji angelaza kichwa mezani, na hakuna ambaye angemwona, maana nasi tungekuwa tumelala sakafuni. Filamu inahesabu vifo milioni ishirini. Haihesabu ugali. Saa tatu usiku sufuria ziko motoni kuanzia Lamu hadi Malaba, na dakika mbili na sekunde 17 zinatosha kuunguza ugali, asikudanganye mtu.

Na maono yenyewe je? Saa nne usiku yao ni saa mbili asubuhi yetu ya kesho yake, Ijumaa, 30 Aprili 2010. Sasa jiulize mwenyewe. Taifa zima linapewa nafasi moja ya kuona maisha yake yajayo, na inaangukia saa mbili asubuhi ya Ijumaa. Tungejiona wapi? Kwenye foleni. Kwenye matatu ambayo haijajaa. Mbele ya mlango wa ofisi ambayo mwenye ufunguo "anakuja." Mtu wa Webuye, ambaye kiwanda chake cha karatasi kilikuwa kimefungwa tangu mapema 2009, angejiona ameketi pale pale alipoketi Oktoba. Mamilioni ya Wakenya wangezinduka sakafuni, wakatazamana, wakaulizana, "Wewe umeona nini?" na kujibiwa, "Nilikuwa nangoja."

Watunzi hawakufika huko. Waliandika dunia nzima imezimia, kisha wakakaa Los Angeles. Baadaye, katika vipindi vya mbele, wanatukumbuka watu wa upande huu, na tunachopewa ni kijiji cha Somalia mwaka 1991 na kunguru wanaokufa. Mtu wa Kamukuywa hakuulizwa. Vijana wa Bungoma hawakuulizwa, na wao wasingehitaji hata kuzimia: 2010 ni mwaka shufwa, na kila mvulana wa Kibukusu aliyefikia umri anajua tangu utotoni kwamba Agosti ya mwaka shufwa ina kisu. Hayo ni maono yenye tarehe.

Sasa nimepata nguvu, niseme habari ya magunia.

Kwenye filamu FBI wanafungua tovuti waliyoiita Mosaic, watu wa dunia nzima waandike walichoona ili vipande viunganishwe. Ingefunguliwa Kitale ingejaa kitu kimoja. Angalia zile tarehe tena. Trans Nzoia tunapanda mara moja kwa mwaka, mvua ya Machi na Aprili, na mahindi yetu ya mlimani hayana haraka, yanakomaa Oktoba hivi. Tarehe 6 Oktoba ndiyo watu wanaanza kuvunja. Tarehe 30 Aprili stoo zinaelekea kuwa tupu, mahindi mapya hayajafika gotini, na bei ya gunia la kilo 90 ndipo inapotakiwa kuwa juu. Yaani hao Wamarekani, katika siku zote 365 walizokuwa nazo, walichagua kwa bahati tu zile mbili ambazo mkulima wa Kitale angeuza ng'ombe ili azione pamoja. Niuze sasa ama niweke? Ndilo swali letu, tunalo kila mwaka, na kila mwaka tunalijibu vibaya.

Na hata maono yasingetusaidia. Nilikaa usiku nikipiga hesabu hiyo mpaka njugu zikaisha. Tuseme tungezimia, wote tukaona Aprili bei ni nzuri. Kesho yake hakuna anayeuza; kila mtu anaweka. Aprili ikifika kila mtu anatoa stoo yake siku moja, malori yanapiga foleni, bei inaanguka, na tuliyoyaona yanakuwa uongo. Tuseme basi tuliona bei mbaya. Wote tunauza Oktoba kwa mabroka kwa bei ya kulia, Aprili mahindi hayapatikani, bei ya kopo la gorogoro inapanda, na tuliyoyaona yanakuwa uongo tena. Hakuna bei ambayo Kitale ingeweza kuiona ikabaki kweli. Fiennes anautazama ule ubao wake wa nyuzi mfululizo mzima bila kufika hapo, kwa sababu hajawahi kuwa na gunia hata moja kwenye stoo.

Mimi nilikuwa nayo kumi na manane, tena ya mtu mwingine. Novemba Shangazi alitaka kuuza. Nikamwambia ngoja Aprili. Nilikuwa na hakika, sijui niliitoa wapi. Nilimchorea mstari unaopanda nyuma ya bahasha ya harusi. Sikujua kwamba kila mwanamume wa Trans Nzoia alikuwa na shangazi, na kila mmoja alikuwa amemchorea mstari ule ule. Aprili tukatoka na magunia yetu sote kwa pamoja, na mahindi ya Uganda nayo yakaingia kupitia Suam na Lwakhakha, na dumuzi nao wakaingia kupitia njia zao. Broka aliyekuja alitia mkono ndani ya gunia la tatu, akautoa umejaa unga, akaupuliza mbele ya uso wa Shangazi. Hakusema kitu. Nami pia sikusema. Yeye ndiye aliyesema, na hapo nikasikia jina langu kamili, la ubatizo, la kwetu na la babu.

Ijumaa asubuhi nikamsindikiza mpaka Kanduyi ili apande gari la Chwele. Kulikuwa na njia fupi ya kupitia Kimilili; hakuitaka, alitaka kunisema mwendo wote. Tulifika steji ya Kitale, nikaangalia saa. Saa mbili kamili. Ijumaa. Nikasimama palepale, mfuko wa unga begani.

"Bungoma, Bungoma, wawili tu, tunatoka!" Makanga alikuwa anapiga bati la matatu kwa kofi. Nikachungulia ndani. Watu kumi na wawili kweli. Tukaingia, tukalipa, na mara tu noti ilipoingia mfukoni mwake abiria watano wakakumbuka kwamba hawakuwa wanasafiri, wakashuka mmoja mmoja wakijinyoosha, wakaenda kukaa kwenye gari la Eldoret. Makanga wa Kenya ndiye nabii pekee anayelipwa kabla unabii haujatimia. Tulitoka saa tatu na dakika ishirini.

Karibu na Misikhu Shangazi alinigutusha. "Hukuniambia ile filamu iliishaje."

Nikamweleza. Watu walipungua kuitazama, wenyewe wakaisimamisha Desemba mpaka Machi, wakairudisha, haikupona. Kituo kikaikata baada ya msimu mmoja, vipindi 22. Cha mwisho kilionyeshwa 27 Mei 2010, na katika hicho dunia inazimia mara ya pili na kuona mbali zaidi, halafu basi. Mpaka leo hakuna aliyeambiwa yaliyofuata.

Alifikiria hilo mpaka tukafika Webuye.

"Kwa hiyo nao," akasema, "walivuna wakangoja Aprili."

Kipindi cha kwanza nakipa gorogoro nne kati ya tano, nimepunguza moja kwa sababu ya kangaruu. Vinavyofuata vipime mwenyewe, na uvipepete kwanza.

Na wewe kijana wa duka pale steji: flashi yako iliondoka Kitale ndani ya mkoba wa Shangazi, imefungwa kwenye leso pamoja na dawa zake za presha, na anasema wajukuu hawajamaliza kuitazama. Ukitaka kuifuata, mshukie Chwele siku ya soko, muulize mama mwenye magunia kumi na sita na nusu. Usimwambie nimekutuma mimi.